Kabari ya Nyuzi 30: Ununue, Ukatishe kwa Leza au Ujitengenezee?

Bakuli la pete halichongwi kutoka gogo moja. Mkerezaji hukata vipande vidogo vya mbao, huviunga kwa gundi hadi viwe pete, hupanga pete juu ya pete, kisha ndipo hufunga kazi kwenye kerezo na kuanza kulichonga umbo. Kwa njia hiyo mabaki ya mninga, mkongo na mpingo, ambayo karakana nyingi huyatoa kama kuni, hugeuka chombo chenye thamani kuliko meza iliyoyaacha. Kinachowashinda wengi ni pembe. Gawanya 360 kwa idadi ya vipande, upate pembe ya kipande. Nusu yake ndiyo pembe ya mkato. Pete ya vipande 12 basi ina kipande cha nyuzi 30 na mikato 24 ya nyuzi 15.

Tuseme msumeno umekosea sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Kwenye fremu ya picha hakuna atakayeliona kosa hilo. Kwenye pete linajirudia mara 24 na kufikia nyuzi 2.4, na kama ubao una upana wa milimita 25, kiungo cha mwisho kitabaki na mwanya wa takriban milimita moja. Ukiubana kwa klampu utafunga, lakini viungo vingine vitakuwa vimevutwa na nguvu hiyo, na bakuli litakapozunguka kwa kasi kwenye kerezo, au mbao zitakapokauka zaidi nyumbani kwa mteja, kiungo kilichovutwa ndicho kitakachoachia kwanza.

Hasara yake inahesabika. Pete yenye kipenyo cha milimita 200 hutaka kila kipande kiwe na urefu wa karibu milimita 54 upande wa nje. Ongeza milimita 3 zinazoliwa na bledi katika kila mkato, na pete moja imekula ubao wa sentimita 68. Bakuli la pete kumi si mabaki tena. Ni mita kadhaa za ubao uliokwisha kupigwa randa. Kwa sababu hiyo nataka fundi afikirie kwa makini fedha yake iende wapi, maana madukani vifaa vya pembe ni vingi, na vingi havikutengenezwa kwa kazi hii.

Anza na kile ambacho watu hukikimbilia kwanza: kipimapembe cha dijitali chenye sumaku, kile kisanduku kidogo kinachobandikwa kwenye bledi. Kwa soko la Marekani huuzwa takriban dola 30 hadi 40. Tukichukua dola moja kwa shilingi 2,500 za Tanzania, hiyo ni kati ya 75,000 na 100,000 kabla ya usafiri. Ni kifaa kizuri cha kuhakikisha bledi imesimama wima, na kwa hilo ningekinunua. Lakini soma karatasi yake. Vingi husoma kwa hatua ya 0.1, na mtengenezaji mwenyewe huandika kwamba kinaweza kupotoka kwa 0.1 au 0.2 ya nyuzi. Yaani kikiwa kizima kabisa, kikifanya kazi kama kilivyoahidiwa, bado kinaruhusu ule mwanya wa milimita moja. Tarakimu zake zinang'aa, lakini kwa pete hazitoshi.

Msumeno wa kukatia pembe, ule unaoshuka kutoka juu, una vituo vya kubofya, na karibu misumeno yote ya aina hiyo ina kituo cha nyuzi 15 na cha 22.5. Kwa hiyo mwenye msumeno huo anaambiwa kwamba vipande 12 na vipande 8 anavyo tayari bila kulipa kitu. Nina mashaka mawili. La kwanza, kituo cha kiwandani nacho kina kosa lake, na huna njia rahisi ya kukirekebisha kwa sehemu ndogo hivyo. La pili ni vidole: kipande cha sentimita tano karibu na bledi hiyo hurushwa, na mkono unaokishika uko karibu mno. Kwa mtu anayetaka pete moja ya majaribio, sawa, akishikilia kipande kwa klampu. Kwa kazi ya kila wiki, hapana.

Juu zaidi ya ngazi ya bei kuna geji za kuteleza kwenye mfereji wa msumeno wa meza, zilizochongwa kwa usahihi mkubwa. Incra ya Marekani ndiyo inayotajwa zaidi, na geji zake huanzia jirani ya dola 100 na kuvuka 200. Kwenye geji yenye kituo kwa kila nyuzi moja, 15 ya vipande 12, 10 ya vipande 18 na 18 ya vipande 10 hupatikana kwa mbofyo. Nyuzi 11.25 za vipande 16 haziko kwenye nyuzi kamili. Ni kifaa cha kudumu, na karakana inayotengeneza pia fremu, masanduku na samani za pembe nyingi itakitumia kila siku. Lakini dola 200 ni shilingi 500,000 kabla hujalipa usafiri, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Kwa anayetaka pete tu, fedha hiyo ina kazi bora zaidi.

Wamarekani wenyewe, ambao wameukuza sana ufundi huu, hawakuishia kwenye geji. Chama chao cha wakereza mbao, American Association of Woodturners, kilianzishwa mwaka 1986, na ndani yake kuna tawi zima la watu wa pete. Mkerezaji Malcolm Tibbetts aliuandikia ufundi huu kitabu kizima. Ila lililobadilisha hesabu ya gharama ni kibao cha kusukumia kilichoenezwa na mkerezaji Jerry Bennett, chenye viegemeo viwili na kabari kati yao. Wazo lake ni la kuheshimiwa sana, kwa sababu linaondoa kabisa haja ya kusoma nyuzi.

Chukua kibao cha plaiwudi kinachoteleza kwenye mfereji wa meza ya msumeno. Juu yake funga viegemeo viwili vinavyotanuka kama mdomo uliofunguka. Kimoja kikaze. Weka kabari yenye pembe ya kipande, nyuzi 30 kwa vipande 12, ubavu mmoja ukigusa kiegemeo hicho, sogeza cha pili mpaka kiguse ubavu wa pili, kaza, ondoa kabari. Sasa ubao unaegemezwa upande mmoja na kukatwa, kisha unahamishiwa upande wa pili na kukatwa, na kipande kinadondoka. Mkato wa kwanza ukiwa nyuzi 14.7, wa pili utakuwa 15.3, kwa sababu jumla yao imefungwa na kabari. Kipande kitapinda kidogo sana, lakini duara litafunga. Huhitaji kujua pembe ya bledi na mfereji. Unachohitaji ni kabari moja ya kweli.

Hapo ndipo swali la fedha linapokuwa dogo na zuri: kabari hiyo uipate wapi?

Huko Marekani zinauzwa zimekwisha kukatwa kwa plastiki, kila idadi ya vipande na kabari yake. Aliye Houston au Toronto na anunue, aokoe jioni yake. Aliye Arusha, Mombasa au Bujumbura ataona usafiri wa kifurushi kidogo ukipita bei ya kabari yenyewe, na kila akitaka idadi mpya ya vipande aagize tena. Kama una ndugu anayekuja nyumbani kutoka huko, mtume. Ni nyepesi, hazivunjiki ovyo. Bila ndugu, siishauri njia hii.

Ya bei nafuu kuliko zote imo mkononi mwa mwanafunzi. Zile pembetatu mbili za kuchorea ndani ya mkebe wa hisabati zina kona za nyuzi 30, 60, 45 na 90. Kona ya 30 ni kabari ya vipande 12. Kona ya 45 ni kabari ya vipande 8. Kona ya 60 ni ya vipande 6. Mkebe ni shilingi elfu chache, lakini pembetatu zake ni fupi na kingo zake nyembamba, kiegemeo huzikosa. Nenda duka la vifaa vya kuandikia ukatafute zile za wachoraji wa ramani za nyumba, zenye urefu wa sentimita 30 au zaidi. Urefu ndio usahihi: kosa la unywele mmoja kwenye ubavu wa sentimita 10 ni mara tatu ya kosa lile lile kwenye ubavu wa sentimita 30. Kwa fundi anayeanza, mwenye nia ya vipande 12 na 8 tu, sioni sababu ya kutumia zaidi ya hapo.

Atakapotaka idadi nyingine, jiometri humwekea mipaka. Nyuzi 45 zikigawanywa mara mbili kwa bikari hutoa 22.5, kabari ya vipande 16. Tofauti ya 45 na 30 ni 15, kabari ya vipande 24. Nyuzi 36 za vipande 10 huchoreka kwa bikari na rula, wanahisabati wa kale wa Ugiriki waliijua njia yake. Lakini nyuzi 20 za vipande 18 haziwezekani. Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha mwaka 1837 kwamba pembe ya 60 haigawanyiki mara tatu kwa bikari na rula isiyo na vipimo, na nyuzi 20 ni theluthi hiyo hiyo. Anayekuonyesha njia ya kuichora anakuonyesha makadirio.

Makadirio yaliyo mazuri, hata hivyo, hutoka kwenye rula ya chuma. Chora pembetatu yenye pande mbili za milimita 400, na upande wa tatu uwe 800 mara saini ya nusu ya pembe. Kwa vipande 8 upande huo ni milimita 306.1, kwa 10 ni 247.2, kwa 12 ni 207.1, kwa 16 ni 156.1, kwa 18 ni 138.9; kwa 24 ni 104.4. Ili pande mbili ndefu zilingane, usizipime kila moja: pigilia misumari miwili kwenye kibao chembamba, ncha kwa ncha milimita 400, na utumie hicho hicho kama bikari kubwa. Chora kwa ncha ya kisu, si kwa penseli. Ukikosea nusu milimita kwenye upande wa tatu wa kabari ya vipande 12, pete ya ubao wa milimita 25 itabaki na mwanya wa karibu 0.4. Mtu aliyetumia kipimapembe cha shule na kukosea nusu ya nyuzi kwenye kila kipande atakuwa na mwanya wa milimita 2.6. Kabari ya rula imemgharimu fundi kipande cha plaiwudi ambacho yumkini kilikuwa kimeegemea ukuta.

Plaiwudi, nasisitiza, au MDF iliyopakwa vanishi kingoni. Usitumie ubao mzima hata ukiwa mkavu na mzuri kiasi gani. Ubao hunywea na kutanuka kwa upana zaidi sana kuliko kwa urefu. Kabari ya nyuzi 30 iliyochongwa kwa ubao, nyuzinyuzi zikienda kwa urefu wake, ikipungua upana kwa asilimia mbili tu itashuka hadi nyuzi 29.4 na ushei. Mara 12, duara limepungukiwa na karibu nyuzi 7. Kutoka masika ya Tanga hadi kiangazi cha Dodoma, mabadiliko hayo si ya ajabu. Plaiwudi, kwa sababu tabaka zake zimepishana, hutulia.

Njia ya nne ndiyo ninayoipenda kwa karakana zenye mafundi wengi: mashine ya leza ya watu wanaotengeneza mabango na vikombe vya zawadi. Zipo sasa katika miji mingi yetu. Hutoza kwa karatasi ya akriliki na muda wa mashine, kwa hiyo usipeleke kabari moja. Panga kabari za vipande 8, 10, 12, 16, 18 na 24 kwenye karatasi moja ya akriliki ya milimita 5, zibanane ncha kwa kitako, ulipe mara moja. Wengi huogopa kwamba leza hula upana wa mkato na kuharibu kipimo. Hula kweli, lakini hula sawasawa kila ubavu, na ubavu ukisogea sambamba pembe haibadiliki. Cha kuogopa ni mashine ambayo milimita 100 zake za kwenda mbele si sawa na milimita 100 za kwenda kando. Mwombe fundi akukatie kwanza mraba, uupime pande zote na kona hadi kona; kona zikilingana na pande zikilingana, mashine ni nzima. Mwambie pia akate ncha kali ya kabari iwe butu. Haina kazi, na ndiyo huvunjika.

Upate kabari kwa njia yoyote, usiiamini mpaka uipime, na kipimo hiki hakigharimu kitu. Chora mstari mrefu juu ya bao pana. Laza ubavu mmoja wa kabari kwenye mstari, chora kufuata ubavu wa pili. Sogeza kabari, ubavu wa kwanza uje kwenye mstari mpya, chora tena. Endelea mara ya nusu ya idadi ya vipande: sita kwa 12, nne kwa 8, tisa kwa 18. Umezunguka nusu duara, hivyo mstari wa mwisho unapaswa kuwa sambamba na wa kwanza. Pima nafasi kati yao sehemu mbili zilizoachana milimita 400. Tofauti ikiwa nusu milimita, kabari ya vipande 12 imekosea nyuzi 0.012 tu. Hakuna kipimapembe cha dijitali cha dola 40 kinachoikaribia hesabu hiyo, maana hapa kosa limekuzwa mara sita kabla hujalitazama. Haidhuru mistari haikukutana katikati. Kinachopimwa ni mwelekeo wake.

Na kabari iliyokosea haitupwi. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu 0.1 ya milimita. Ukanda wake ukibandikwa mwishoni mwa ubavu wa milimita 400 huongeza pembe kwa nyuzi 0.014. Kama kabari ni kubwa mno, pitisha msasa uliobandikwa kwenye kibao kilichonyooka, kidogo kidogo upande wa kitako, kisha rudia kipimo.

Iko pia njia ya wasiotaka kabari kabisa, na haki yake isemwe. Unakata vipande kwa pembe iliyo karibu, unaunga nusu mbili za pete, na kwenye viungo viwili vya mwisho unaweka vijiti vyembamba badala ya gundi, unabana pete nzima kwa klipu ya hosi. Gundi ikikauka, unasugua nusu zile kwenye msasa uliobandikwa juu ya kioo au kigae bapa hadi zikutane. Makosa yote yamesukumwa kwenye viungo viwili na kusuguliwa. Pete hutoka na uduara uliopungua kidogo, ambao kerezo litausawazisha. Gharama yake ni mikono: bakuli la pete kumi lina nusu ishirini za kusugua, na kila bakuli jipya huanza upya. Kwa zawadi moja ya harusi, njia hii inatosha na inapendeza. Kwa biashara, utakuwa unalipia kabari kila siku bila kuwa nayo.

Ningekuwa na shilingi 100,000 na msumeno wa meza, ningegawa hivi. Kwanza bledi nzuri yenye meno mengi, ya kukatia kwa kukingama, kwa sababu kipande kilichokatwa laini huungwa moja kwa moja bila kusuguliwa, na ukikisugua kwa mkono umeitupa pembe uliyoihangaikia. Bledi itachukua sehemu kubwa ya fedha hiyo, pengine yote. Kibao cha kusukumia nitakitengeneza kwa plaiwudi iliyopo, reli yake ikiwa ya mti mgumu uliokaushwa vizuri, usiocheza ndani ya mfereji. Reli inayocheza hufuta kazi yote ya kabari. Kabari ya kwanza itakuwa pembetatu ya mchoraji, nyuzi 30. Kisha kituo cha kuzuilia ubao, ili vipande vyote vilingane urefu, kikiwa kimewekwa mahali ambapo ubao unakigusa kisha unakiacha kabla ya bledi kuufikia. Kipande kikinaswa kati ya kituo na bledi inayozunguka hurudi kwa kasi ya jiwe, kwa hiyo hili halina njia ya mkato.

Pete ya kwanza niikate kwa MDF, si kwa mninga. Vipande 12, bila gundi, ndani ya klipu ya hosi, kisha niinue kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya kwenye viungo, usikisie: toa klipu, bananisha vipande kwa mkono ubavu kwa ubavu. Vikijaza duara na kubaki uwazi kwenye kiungo cha mwisho, kila kipande kina pembe ndogo, ongeza karatasi kwenye kabari. Kipande cha kumi na mbili kikikosa nafasi ya kuingia, pembe ni kubwa, rudi kwenye msasa. Pete ikifunga bila kuonyesha mwanga, andika juu ya kabari idadi ya vipande na tarehe, itoboe tundu, uitundike ukutani mbali na jua na mbali na watoto wanaotafuta rula.